Mustang ya Baba yamuumiza Mama mgongo

Shikamoo Mzee Spana,

Baba alifariki mwaka juzi akaniachia gari ambalo kaka yangu hadi leo hajameza kwamba limekuja kwangu: Ford Mustang ya 1966, injini V8 ya lita 4.7, giaboksi ya mkono. Alilinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na wakati huo usukani ulikuwa umeshahamishwa kutoka kushoto kuja kulia. Injini nimeitengeneza, nyaya nimebadilisha, rangi imepigwa upya. Nikiiwasha Jumapili asubuhi hapa Kahawa Sukari, watoto wa jirani hutoka nje na vikombe vya uji mkononi.

Taabu ni kuliendesha. Kwenye matuta ya mtaani linatupiga hadi kichwa kinagusa paa, halafu nyuma linadunda mara mbili tatu kabla ya kutulia. Nikiingia Thika Road na kufika kilomita 80 kwa saa linaanza kutangatanga, nami nashinda nikilirudisha kwenye leni yake. Gurudumu moja la mbele likiingia shimoni, gari linakata upande lenyewe wala sijagusa usukani. Kwenye kona linalala mpaka abiria anashika mlango.

Mama ana maumivu ya mgongo. Aliniomba nimpeleke Murang'a kwa gari la mumewe, ili watu wa nyumbani walione. Tulipofika Kenol alisema nimshushe apande matatu. Mama yangu, ambaye huwalaani madereva wa matatu tangu nikiwa chekechea!

Nimetafuta ushauri. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road anasema springi zimechoka, niongeze bapa jingine nyuma na nifunge shoki za pikapu. Kaka anasema tukate springi za mbele, gari lishuke, ndipo litashika barabara. Rafiki yangu aliye Marekani anasema niondoe mguu wote wa mbele na kuagiza seti mpya yenye stiaringi ya raki. Kwa bei aliyonitajia naweza kununua gari jingine dogo la kutoka Japani na chenji ibaki.

Nimechungulia chini mwenyewe. Juu ya springi za mbele kuna vipande vinene vya mpira vilivyochomekwa. Springi za nyuma zina mabapa matano, moja halifanani na mengine. Bushi nyingi zimepasuka. Tairi ni mpya, 195R14C, na kijana wa kituo cha petroli huzijaza upepo hadi 40.

Nimsikilize nani? Na je, gari la aina hii linaweza kumbeba mtu mwenye mgongo mbaya na bado likakata kona vizuri, au lazima nichague moja?

Binti wa Mwenye Mustang, Kahawa Sukari

*

Marahaba, binti. Pole kwa kumpoteza mzee.

Kwa sasa usimsikilize hata mmoja kati ya hao watatu. Aliye mbali zaidi na ukweli ni kaka yako, na nitamfikia. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza: huna haja ya kuchagua. Gari linalorusha watu kwenye tuta na gari linalotangatanga barabarani, mara nyingi ugonjwa wao ni mmoja, yaani tairi haikai chini. Tairi ikiwa hewani haimbebi mama yako wala haikati kona.

Hebu tusome ulichokiona huko chini, maana umechungulia vizuri kuliko mafundi wengi. Mipira juu ya springi na bapa la tano nyuma vinanieleza kwamba kuna mtu aliliinua gari lisigonge matuta. Nairobi kila mtu huinua gari, sijui ni ugonjwa gani. Probox ukiiinua itakusamehe. Mustang ya 1966 haisamehi. Springi ya mbele ya gari hilo imekaa juu ya mkono wa juu (mikono ni vile vyuma viwili, cha juu na cha chini, vinavyoshika gurudumu), ndani ya mnara wa bati unaouona ukifungua boneti. Ukichomeka mpira pale, mikono yote inainama kuelekea chini kupita ilivyopangwa. Matokeo yake ni kwamba gurudumu likipanda na kushuka, linajipinda pia kushoto na kulia. Hicho ndicho kinachokukata upande ukiingia shimoni. Nyuma nako, springi za kawaida zilikuwa na mabapa manne. La tano limezifanya ngumu kama za gari la kubeba mchanga, na wewe hubebi mchanga, unambeba mama. Shoki iliyopimwa kwa springi laini haiwezi kuizuia springi ngumu ikishaanza kurudi juu, ndiyo maana linadunda mara mbili tatu.

Kwa hiyo huyo fundi anayetaka kuongeza bapa la sita anataka kukuuzia dozi nyingine ya kilichokuumiza.

Lakini kabla hujatoa shilingi kwa starehe, lipandishe gari kwenye jeki na stendi, umtafute fundi anayejua kuchomelea vyuma vizito (si wa mageti), mkague mambo mawili. La kwanza ni ule usukani uliohamishwa. Kiwanda hakikutoa Mustang ya usukani wa kulia miaka hiyo, kwa hiyo yako ilibadilishwa na mtu gereji, na mtu huyo hatumjui. Fuateni kila fimbo na kila mkono kutoka kwenye stiaringi boksi hadi magurudumuni. Mkiona mkono wa stiaringi au fimbo ya kati imekatwa na kuunganishwa kwa kuchomelea, egesha gari hadi upate kipande kizima. Hapo sitanii. La pili ni ile minara ya bati. Hupasuka kuzunguka mahali mikono ya juu inapofungwa, na hupata kutu chini ya rangi nzuri. Ukishaona ufa, mengine yote yanasubiri.

Ukiwa hapo hapo, tazama silinda kuu ya breki. Magari ya 1966 yalitoka na silinda ya njia moja, yaani paipu moja ikipasuka breki zote zimekwenda. Mwaka uliofuata Ford waliweka ya njia mbili. Kubadilisha si kazi kubwa, na kwa barabara yenye lori zinazoshuka kama hiyo yenu, mimi nisingelala.

Sasa tairi, ambapo naona utashangaa. Hiyo herufi C iliyo mwisho wa 195R14C inamaanisha tairi ya gari la mizigo. Ni tairi za vani na pikapu, kuta zake zimeimarishwa zibebe tani. Chini ya gari la kilo kama 1,300, kuta hizo hazikunjiki kabisa, na ukizijaza upepo wa 40 ni kama umefunga magurudumu ya mbao. Watu huzinunua kwa sababu ndizo saizi ya 14 inayopatikana kirahisi mjini. Huyo aliyekuuzia hakukudanganya kuhusu saizi, alikudanganya kwa kunyamaza.

Tafuta 205/70R14 ya gari dogo ukiipata, kimo chake kinakaribia sana tairi ya awali ya gari hilo. Usipoipata, hamia rimu ya 15 na tairi ya 205/65R15, ambayo kila duka linayo. Utaambiwa rimu yoyote ya Toyota itaingia, kwa kuwa Mustang ya V8 ina bolti tano kwenye duara la milimita 114.3, na Toyota na Nissan nyingi vilevile. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 60.1 na la Nissan 66.1, ilhali habu ya Mustang inataka takriban 70.5, kwa hiyo hazitakaa. Nati zake pia si za milimita, ni za nusu inchi. Tena rimu za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele huingia ndani sana, tairi ikaanza kulamba springi au fimbo za stiaringi. Nenda Ngara na kipimo mkononi, usiende na matumaini. Na kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inayong'aa dukani inaweza kuwa imezeeka.

Upepo uanze na 28 hadi 30, tairi zikiwa baridi. Nunua kipimo chako na umwambie yule kijana ahsante.

Baada ya hapo toa mipira ya mbele na bapa la tano. Yale manne yanayobaki yafunguliwe, yasuguliwe kutu, na kati ya ncha zake viwekwe vipande vya plastiki ngumu. Bapa zenye kutu husagana badala ya kuteleza, springi ikawa kama imefungwa kamba. Kama zimenyooka kabisa na gari limekaa chini nyuma, agiza seti mpya ya mabapa manne yenye kipimo cha kiwanda. Usikubali zikunjwe upya kwa moto; chuma cha springi kikishapashwa hivyo kimepoteza nguvu yake, na baada ya miezi michache kitarudi pale pale.

Bushi sasa. Utakuta wawili wanabishana, mmoja anasema weka za mpira, mwingine za plastiki ngumu ya rangi nyekundu. Kwa mwendo wako na mgongo wa mama, weka mpira karibu kila mahali. Zile ngumu zinafaa kwenye stabalaiza, ile fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona, kwa sababu pale hazileti mtetemo ndani. Lakini usizifunge kabisa kwenye ile fimbo inayotoka mbele kushika mkono wa chini. Fimbo hiyo inatakiwa kucheza kwa pembe, na bushi isiyokunjika huilazimisha ikunjike yenyewe, mpaka siku moja inakatika.

Na hapa ndipo mafundi wengi wa jua kali, hata wazuri, huharibu kazi. Bushi ya mpira hukazwa gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Ukikaza bolti magurudumu yakining'inia hewani, mpira unashikwa ukiwa katika hali ile. Gari likishushwa, bushi zote zinapindika kabla hata hujaondoka gereji. Gari linakuwa gumu, linasimama juu kuliko inavyotakiwa, na mpira mpya unapasuka mapema. Simama hapo uone kwa macho yako. Mpe fundi soda akinuna.

Kuna kitu kingine ambacho wachache hukigusa: kile kiti kidogo cha chuma ambacho springi ya mbele imekalia juu ya mkono. Kinatakiwa kiyumbe kila gurudumu linapopanda. Cha awali kina bushi za mpira, na kikishika kutu hakiyumbi tena, springi inapindwa badala ya kubanwa. Zipo za kisasa zinazozungukia beringi. Kama utaagiza kitu kimoja tu kutoka Marekani, agiza hivyo viti viwili. Barabara yenye vishimo vidogo vidogo utaihisi tofauti siku hiyo hiyo. Mikono ya juu nayo ina bushi za chuma zenye nyuzi zinazohitaji grisi; zikilia kama mlango wa zamani, hazijaonja grisi tangu enzi za mzee.

Shoki zije baada ya hayo yote, si kabla. Za pikapu achana nazo. Zimepimwa kwa springi za kubeba mizigo, na zile za gesi nyingi zitainua gari na kukurudishia ugumu uliotoka kuulipia kuuondoa. Kampuni ya Koni hutengeneza za gari hilo zinazorekebishwa nguvu ya kurudi, unaweza kuanza na laini kabisa ukapanda kidogo kidogo hadi gari liache kudunda. Hapo ulipofika ndipo pa kuachia.

Sasa kona. Kaka yako yuko sahihi kwamba gari linalolala halifurahishi, ila dawa si kukata springi. Springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu kwa pamoja, mikono inagonga ile mipira ya kuizuia isipande kupita kiasi kwenye kila tuta la Kahawa, na minara niliyoitaja inapasuka. Dawa ya kulala ni stabalaiza ya mbele. Ya awali ya gari la kawaida haizidi milimita 18. Weka ya 24 au 25. Magurudumu mawili yakipanda tuta pamoja, stabalaiza haifanyi kazi yoyote, kwa hiyo mama hataijua. Ikifika kona ndipo inashika. Ya nyuma usiweke, V8 na springi za mabapa na barabara yenye mvua vitakugeuzia mkia.

Ukitaka zaidi ya hapo, kuna ujanja wa zamani usiokula starehe hata kidogo. Mhandisi wa Ford, Klaus Arning, ndiye aliyeupiga hesabu, na Shelby, waliotengeneza Mustang za mbio, waliutumia kwenye GT350 zao za 1965: matundu yanayofunga mkono wa juu yanatobolewa upya inchi moja chini. Gari likilala kwenye kona, tairi ya nje inabaki wima badala ya kukanyagia ukingo. Bei yake ni tundu nne na kielelezo cha karatasi. Ila kwako, kwa sababu stiaringi ilihamishwa, sharti fundi aondoe springi kwanza, apandishe na kushusha gurudumu kwa jeki, atazame kama linageuka. Likigeuka sana, rekebisheni fimbo za stiaringi ndipo mtoboe.

Funga pia lile bano la kipande kimoja linaloshika minara yote miwili na ukuta wa nyuma wa injini. Ford walilifunga kwenye magari ya kuuzwa nje ya Marekani, kwa kuwa walijua huko nje barabara ni mbaya. Huko nje ndiko huku kwetu. Mwaka 1964 Mercury Comet sita, magari ya Ford pia, ambayo mifupa yake inatokana na Ford Falcon sawa na Mustang yako, yaliletwa kushindana katika mbio za East African Safari. Mawili tu yalifika mwisho, na mshindi alikuwa Ford Cortina GT, gari la injini ndogo, ya Peter Hughes na Bill Young. Kwa hiyo mtu akikuambia gari lako linahitaji nguvu zaidi, mwache aongee.

Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ni ya mwisho na isifanywe kabla, la sivyo utalipa mara mbili. Vijana wa mashine za leza watakuambia gari hili halimo kwenye kompyuta. Wengine watarekebisha fimbo za pembeni tu na kukupa risiti. Mustang ya 1966 hurekebishwa kwa vipande vya bati vinavyowekwa nyuma ya mkono wa juu, kwa hiyo tafuta mzee aliyewahi kuvichezea. Usimpe vipimo vya kitabu; viliandikwa enzi za tairi za kizamani zisizo radiali. Mwambie kasta (mwinamo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu ukitazama kutoka ubavuni) iwe chanya digrii 2 hadi 3, kemba (gurudumu kulala ndani au nje ukitazama kutoka mbele) hasi nusu digrii, na magurudumu yaelekeane mbele kwa milimita 2 au 3. Hiyo kasta ndiyo itakayomaliza kutangatanga kwa Thika Road. Usukani utakuwa mzito kidogo ukiegesha. Vumilia.

Seti ya rafiki yako wa Marekani si mbaya, ila imetengenezwa kwa lami ya kwao na kwa usukani wa kushoto. Ukiileta hapa utalipa ushuru, halafu utalipa tena mtu wa kuikatakata ikae kulia.

Na mgongo wa mama, nimeuacha hadi sasa kwa makusudi. Viti vya gari hilo vina springi za waya na sponji juu yake, na sponji ya 1966 imeshageuka unga. Mpelekee fundi wa kushona viti akifungue cha abiria, abadilishe waya zilizokatika na kuweka sponji nzito yenye kuinua kiuno. Kazi hiyo anza nayo hata wiki hii, haingoji spea. Mpatie na mkanda wa kupita begani, kwa maana ule wa kiunoni peke yake hautoshi mtu wa umri wake.

Safari ya kwanza mzungushe hapo mtaani tu, kisha Thika na kurudi. Ukishatembea kilomita mia mbili hivi, kabla ya kwenda Murang'a, rudisha gari gereji wakaze tena zile bolti za U zinazoshika springi za nyuma kwenye ekseli. Springi zilizofunguliwa na kufungwa upya hukaa chini kidogo na bolti zikalegea, na hakuna kelele itakayokuonya.